Mita Iliyotangulia Kujua

Ukutani nje ya nyumba yetu hapa Bronx, New York, kuna kijisanduku cha kijivu ambacho kwa miaka mingi sikukijali, ingawa ndicho kinachotuma usomaji wa mita ya maji kwa mawimbi ya redio hadi kwenye vipokezi vilivyo juu ya mapaa. Jiji la New York lilianza kufunga vijisanduku hivi mwaka 2009. Zamani ilimlazimu msomaji mita kupita nyumba kwa nyumba.

Juzi, nilipofungua akaunti yangu ya maji mtandaoni, niliona maji yanatumika hata usiku, sote tukiwa tumelala. Nilidondosha rangi nyekundu ya keki kwenye tangi la choo, na bila mtu kuvuta maji, bakuli likageuka jekundu. Mpira unaozuia maji ndani ya tangi ulikuwa umechakaa, nami nilikuwa nikiwalaumu watoto.