Kuku juu ya paa

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa Kiingereza kidato cha kwanza: wanafunzi 74, vitabu 11. Watoto waliosoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha ghafla Jiografia na Baiolojia zinawajia kwa Kiingereza. Andalio langu la somo lilikuwa safi, limesainiwa na mwalimu wa taaluma, dakika zote 40 zimepangiwa kazi. Ila karibu zote zilikuwa zangu. Naeleza, naandika ubaoni, nauliza "Understood?", wanaitika "Yes, madam!" kama wako mchakamchaka.

Vihusishi ndivyo vilivyoniumbua. Kwetu "-ni" hubeba mzigo wote: mezani, mfukoni, shuleni. Kiingereza kinadai on, in, at. Nilichora jedwali, wakanakili vizuri mno. Kwenye jaribio, kalamu zikakaa "at the pocket".

Nikaanza kuandaa kipindi kwa kinyume: kwanza, mtoto atasema nini leo, na kitu gani kitamlazimisha aseme? Nikabuni mchezo. Mwanafunzi anachora kwao kwa siri, kisha anamwelekeza mwenzake kwa Kiingereza achore vilevile bila kuona.

Mara ya kwanza ilikuwa fujo. Nilihamisha madawati, vumbi likatimka, mwalimu wa Hisabati akachungulia: "Madam, humu kuna harusi?" Kengele ikalia wengine bado wanachora maua. Mara ya pili dawati halikusogea. Waliokaa pamoja walipeana migongo tu. Vitu vitano, dakika tatu, maua marufuku.

Binti mmoja akasema, "The hen is over the roof." Mwenzake akamchora kuku angani, mabawa wazi. Walipolinganisha, vita!

"Nilisema juu ya paa!"

"Si ndiyo huko juu nilikomchora?"

Walibishana kwa Kiswahili, nami nikawaacha, ingawa ukutani kulikuwa na bango la kukataza. Hilo bango sijawahi kulipenda. Linawanyamazisha wale wale wanaohitaji kuuliza. Nikachora kuku wote wawili ubaoni, nikauliza yupi atachoka mapema. Darasa zima likaona kwamba "juu ya" yetu imebeba on na over kwa pamoja. Jedwali langu halikuwa limegusa hilo.

Tangu hapo kueleza kwangu hakuzidi dakika kumi. Wakiwa kazini napita katikati ya madawati na kijikaratasi, naandika makosa matatu yanayojirudia, tunayasahihisha mwishoni bila kumtaja mtu. Wa nyuma kabisa bado hunikwepa, wanaoneshana michoro nikigeuka, kwa hiyo nawahamisha mbele kila Jumatatu. Kelele hazijaisha. Mwalimu wa Hisabati naye ameshazoea, zikizidi anagonga dirisha: "Madam, kuku bado hajatua?"