Ekari 1,280 za Shabbona

Katika majira ya majani kupukutika ya mwaka 2024, mjomba wangu, dereva wa malori wa miaka mingi kaskazini mwa Illinois, alinichukua tukavue samaki katika ziwa la Shabbona, magharibi mwa Chicago. Nilipomuuliza Shabbona alikuwa nani, aliweka mshipi chini.

"Ndiye mwenye ardhi hii, mpwa wangu, naye hakumwuzia mtu."

Alinieleza kwamba Shabbona, au Shab-eh-nay, alikuwa kiongozi wa Wapotawatomi, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na kwamba mkataba wa Prairie du Chien kati ya makabila hayo na serikali ya Marekani, wa mwaka 1829, ulimtengea yeye na watu wake ekari 1,280. Vita vya Black Hawk, kiongozi wa kabila la Wasauk aliyepigana na Wamarekani, vilipozuka mwaka 1832, aliwaendea walowezi kwa farasi akiwaonya wakimbie. Mwaka uliofuata, mkataba wa Chicago uliwalazimu Wapotawatomi wengi kuhamia ng'ambo ya mto Mississippi, lakini ekari zake zilibaki zake kisheria. Kisha, yapata mwaka 1849, alikwenda Kansas kuwaona jamaa zake. Aliporudi alikuta serikali imekwisha kuinadi ardhi yake kwa madai kwamba ameitelekeza, ilhali tangu mwaka 1790 sheria ya Marekani ilikuwa imekataza ardhi ya makabila kuuzwa bila mkataba.

"Kwetu mtu akikawia msibani, hurudi akakuta majirani wamempalilia shamba," alisema mjomba.

Walowezi walichanga fedha wakamnunulia ekari 20 karibu na Morris, naye alifariki mwaka 1859. Wapo wanaousimulia mchango huo kama tendo la ukarimu. Mimi sikuweza, wala siwezi, kuupokea hivyo, kwa sababu aliyenyang'anywa alikuwa akidai chake.

Tulipokuwa tukirudi, alinieleza habari za ekari 130 ambazo taifa la Prairie Band Potawatomi, lenye makao yake Kansas, lilizinunua mwaka 2006 kwa fedha zake lenyewe ndani ya eneo hilohilo, na ambazo serikali ya shirikisho ilikuwa imekubali mwezi Aprili kuzishika kwa amana kwa niaba yake. Nilihofia wakazi wenye nyumba ndani ya zile ekari 1,280. Mjomba akaniambia kwamba taifa hilo lilikuwa limetamka wazi kuwa halitaki kumfukuza mtu yeyote.

Machi 2025 gavana wa Illinois alitia sahihi sheria inayoruhusu hifadhi ya ziwa lile ikabidhiwe Prairie Band. Nilimpigia mjomba simu, na swali lake la kwanza lilikuwa hati itaandikwa lini.