Nilivyovifaidi vikao vya ukuaji wa watoto bila kuwa mtafiti

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Kisumu. Kazi yangu ni mizani, chanjo na kujaza kijitabu. Msimamizi wetu aliponiandikisha kwenye kongamano la utafiti wa kitabibu lililofanyika mjini, wenzangu walinitania kuhusu chai ya hotelini. Mimi nilikuwa nawaza nitakaaje siku nzima mbele ya majedwali.

Kilichoniokoa ni kuingia na swali moja. Ratiba ilipofika kwenye simu niliona vikao vinaendeshwa sambamba katika kumbi tofauti: malaria, virusi vya UKIMWI, watoto njiti, ukuaji na tabia za watoto. Malaria haiachiki kirahisi kwa mtu wa kando ya ziwa, lakini niliiacha. Nilitaka kujua hili: mama akiniambia mtoto wake wa mwaka na nusu hasemi, nimfanyie nini kabla hajatoka mlangoni? Wasilisho lolote ambalo halikukaribia swali hilo nililisikiliza kwa adabu tu, kalamu mezani.

Lililonifaa zaidi lilihusu dodoso la M-CHAT-R/F, la kutafuta dalili za usonji (autism). Ni maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Mtoto huonyesha kitu kwa kidole? Akiitwa jina hugeuka? Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. 3 hadi 7, mzazi anaulizwa tena kwa undani. 8 na zaidi, rufaa bila kungoja. Mwasilishaji alitumia utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wenye watoto zaidi ya 16,000. Kati ya waliobaki na alama za hatari hata baada ya maswali ya pili, karibu nusu tu ndio waliokutwa na usonji, lakini karibu 95 kwa kila 100 walikuwa na ucheleweshaji au dalili nyingine ya kutia wasiwasi katika ukuaji. Hapo mzigo ulinitua. Nilikuwa naliogopa dodoso kwa kudhani litanilazimisha kumtamkia mama ugonjwa. Kumbe linachosema ni kwamba mtoto huyu asirudi nyumbani bila kuangaliwa, basi.

Takwimu nilizikabili kwa kuuliza mambo yale yale kila jedwali lilipotokea. Katika watoto 100 wenye tatizo, kipimo hiki kinanasa wangapi? Katika 100 wasio nalo, wangapi wanasumbuliwa bure? Na watoto hao walipimwa wapi? Hili la mwisho ndilo lililonifanya nikipende kipimo cha Malawi, MDAT, kilichochapishwa 2010. Waliokitunga walianzia kwa watoto wa vijijini kwao, wakapima mwendo, kazi za mikono, lugha na kuchangamana na watu, tangu kuzaliwa hadi miaka 6. Mtoto wa Nyalenda, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, ambaye hajawahi kuona ngazi za nyumbani hawezi kuhesabiwa amechelewa kwa kushindwa mtihani wa ngazi.

Kulikuwa na ubishi kidogo kuhusu CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambayo mwaka 2022 ilipanga upya orodha yake ya hatua za ukuaji ili kila hatua iwekwe kwenye umri ambao watoto 75 au zaidi kwa 100 wanaiweza, na ikaondoa kutambaa. Dani yangu, yaani nyanya, angecheka. Watoto wangapi hapa walijikokota kwa makalio kisha siku moja wakasimama!

Lakini lililonifanya niandike ukurasa mzima lilipita kwenye slaidi moja tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza uchunguzi wa ukuaji kwa watoto wote katika miezi 9, 18 na 30, na wa usonji katika miezi 18 na 24. Sisi Kenya chanjo ya surua na rubela tunaitoa miezi 9 na 18. Yaani mama tayari yuko mbele yangu, mtoto mapajani, kijitabu mkononi. Sihitaji mradi wala gari jipya.

Malalamiko yangu ni kwamba ukumbini tulizungumza sana kuhusu kumtambua mtoto na kidogo mno kuhusu kitakachofuata. Hayo niliyapata kwenye mabango, wakati wa chai, kwa mtaalamu wa tiba kazi kutoka Kakamega. Alinishauri mtoto asiyesema apimwe masikio kwanza, na mama asisubiri jina la ugonjwa ndipo aanze kucheza na kuongea na mwanawe. Kwa mwenye mtindio wa ubongo alinionyesha jinsi ya kumkalisha wima anapolishwa ili asipaliwe, akitumia mkoba wangu kama mtoto.

Niliporudi kazini nilitengeneza karatasi moja tu: nani anapima masikio, tiba kazi ni siku gani, fisiotherapia ni chumba kipi, EARC (kituo cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu) iko wapi kwa mambo ya shule, na jinsi ya kujiandikisha kwenye baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu. Kila namba niliipiga mwenyewe kabla ya kuiandika.

Kazi ngumu ni miezi 18. Akina mama wengi huona chanjo zimeisha ile ya miezi 9, kwa hiyo siku hiyo hiyo naandika tarehe ya kurudi kwa kalamu nyekundu na kumpa mhudumu wa afya wa mtaa wao orodha. Wanaorudi bado ni wachache kuliko ninavyotaka. Na siku za chanjo benchi hujaa, sina nafasi ya maswali 20 kwa kila mtoto. Siku hizo mwanafunzi wa uuguzi huanza dodoso na mama akiwa bado kwenye foleni, mimi nabaki na wale wa maswali ya pili.