Swali la Mwenzangu Juu ya Ziwa Letu

Wiki iliyopita, katika kikao cha maabara yetu hapa Uingereza, nilikuwa nikieleza jinsi watoto waliotibiwa kichocho kule Mwanza wanavyoambukizwa tena, ndipo mwanafunzi mwenzangu akauliza kwa nini watu wa kwetu wasiache tu kuingia ziwani. Nilijibu kwa utulivu, lakini hilo neno "tu" halijanitoka moyoni.

Nimekulia Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria kule Mwanza. Maji ya kupikia tuliyateka palepale mama alipooshea ndoo za dagaa, na baba hakuwa na namna ya kuvuta mtumbwi ufukweni bila kulowa hadi mapajani. Lava za kichocho, yaani minyoo michanga inayotoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi kwa dakika chache, na prazikwanteli, dawa ya kichocho tuliyomezeshwa shuleni baada ya kupimwa urefu kwa ubao ili kujua idadi ya vidonge, huua minyoo iliyokomaa lakini haimkingi mtoto anayerudi majini jioni hiyohiyo.

Kazi hii niliianza nikiwa msaidizi wa maabara, nikipokea vikopo vya choo vya wanafunzi, nikichuja na kutandaza miligramu 41.7 za sampuli kwenye kioo, kisha nikihesabu kwa hadubini mayai ya kichocho, yenye mwiba ubavuni. Mtoto mmoja niliyemhesabia mayai mengi, akatibiwa, nilimkuta mwaka uliofuata akiwa nayo mengi vilevile. Swali la shahada yangu lilizaliwa hapo. Na watu hao wanaodhaniwa hawajui kujikinga ndio waliotoa damu yao katika utafiti wa vijijini Mwanza uliochapishwa mwaka 1995, ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Wadogo zangu mnaotaka kuja, njooni na swali la kwenu. Tena kabla ya kushangilia barua ya ufadhili, ulizeni ni nani atakayelipa ada ya afya ya viza, paundi 776 kwa kila mwaka, ambayo hudaiwa ya miaka yote kwa mkupuo. Yangu iliondoka na injini ya mtumbwi wa baba.

Jana mwenzangu yule alinifuata, akaniomba radhi, akataka kuona picha ya ufukwe wetu. Nilimwonyesha jiwe analokalia mama. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza bomba la karibu lilikuwa wapi, nami nikamweleza kwamba enzi zetu halikuwapo.