Kesi ya mtoto ikishafika mahakamani, lalamiko lako linaishia wapi?

Mzazi aliyeko England, halmashauri ikishaomba mahakamani amri ya malezi, yaani ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wake, chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Watoto ya 1989, mara nyingi hukimbilia kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri. Hujibiwa kwamba lalamiko halitachunguzwa. Jibu hilo linauma, na wengi huona ni ofisi zinalindana. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1974 inamfunga Ombudsman mikono: haruhusiwi kuchunguza kufunguliwa kwa kesi wala namna inavyoendeshwa. Taarifa ya afisa ustawi iliyopelekwa kwa jaji imo humo humo, hata kama imejaa makosa.

Makosa hayo hujibiwa mbele ya jaji. Keti na wakili, na mkalimani ukimhitaji, mpitie aya kwa aya: “Aya ya 14 inasema mtoto hakupelekwa kliniki tarehe 3 Machi. Alipelekwa, barua ya daktari hii hapa.” Usimkwepe wakili kwa hofu ya gharama, maana katika kesi hizi mzazi hupata msaada wa kisheria bila kuulizwa kipato. Na usikawie: kesi inatakiwa iishe ndani ya wiki 26.

Lalamiko linabaki na nafasi kwa yale ambayo jaji hayaamui: mkalimani hakuletwa kikaoni, kumbukumbu za mkutano zilichelewa miezi, afisa alikutolea lugha chafu. Peleka kwanza halmashauri. Hatua ya kwanza ni siku 10 za kazi, zikizidi sana 20. Ya pili ni siku 25 hadi 65 za kazi, akiwepo mtu huru asiyeajiriwa na halmashauri. Ya tatu ni jopo la kulipitia upya lalamiko.

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Wanachanganya yote katika barua moja, mkalimani pamoja na “mmeninyang’anya mwanangu kwa uongo”, na barua nzima inawekwa kando. Kanuni za 2006 za malalamiko chini ya Sheria ya Watoto zinairuhusu halmashauri kusimamisha lalamiko linaloweza kuathiri kesi. Andika barua ya mambo ya huduma peke yake, ya kesi mwachie wakili.

Halmashauri ikilisimamisha, inapaswa kukueleza sababu kwa maandishi. Itunze barua hiyo pamoja na tarehe ya hukumu, kwa sababu kesi ikiisha una mwaka mmoja wa kulirudisha lalamiko. Alichokwisha kuamua jaji hakirudi nalo. Hicho ni cha rufaa, na muda wa rufaa ni mfupi mno, basi muulize wakili siku ile ile ya hukumu.