Malisho Yametengwa, Maji Je?

Mwezi Oktoba uliopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Lindi mjini kwenda kijijini kwetu, katika bonde la mto Mbwemkuru, kumsaidia mama kuokota korosho. Kijiji sitakitaja kwa jina, kwa kuwa shauri lenyewe, la ng'ombe na maji, bado liko mezani na wahusika wake ni majirani zetu. Asubuhi ya pili tulikuta chini ya mikorosho minane ya upande wa barabarani hakuna cha kuokota. Mabibo mengi yalikuwa yametafunwa, mengine yamepondwapondwa mchangani pamoja na korosho zake, na nyayo za ng'ombe zilikatiza shamba moja kwa moja kuelekea mtoni. Mama hakupiga kelele. Aliinama, akaokota bibo moja lililosalimika, akainyofoa korosho yake na kuitia ndooni, kisha akasema kwamba siku ya mkutano wa kijiji atakuwa na swali moja tu.

Kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi, na ramani yake imebandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji, ikiwa na rangi ya kijani kwa msitu wa hifadhi, njano kwa mashamba, kahawia kwa malisho, na kipande cheupe kwa ardhi ya akiba. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, nayo haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 ikaja kueleza jinsi mipango hiyo inavyoandaliwa. Kwa upande wa karatasi, basi, hatuna tunachopungukiwa. Eneo la malisho lipo, lina mipaka, lina vigingi, na wafugaji walielekezwa huko kwa barua yenye mhuri.

Nilikuwepo siku ramani hiyo ilipochorwa, nikiwa nimekuja likizo. Wataalamu wa wilaya, yaani wa ardhi, wa mifugo na wa misitu, walikaa nasi siku kadhaa, na kabla ya karatasi yoyote walitutaka tuchore kijiji chini, kwenye uwanja wa shule. Mto tuliuchora kwa majivu. Msitu tukauonyesha kwa majani ya mkorosho, mashamba kwa korosho mbovu, na mifugo kwa punje za mbaazi. Kuku mmoja alikuja akadonoa ng'ombe wawili, watu wakacheka, na mzee mmoja akasema ugomvi umekwisha. Wafugaji walikuwa watatu, wamekaa nyuma karibu na baiskeli zao, na ninavyokumbuka mimi waliulizwa jambo moja, nalo ni idadi ya ng'ombe. Punje za mbaazi zikahesabiwa, zikawekwa mashariki ya barabara, mahali penye nyasi nzuri na udongo wa kichanga, na hapo pakaitwa malisho. Mto wa majivu ulikuwa upande wa magharibi. Kati ya punje na majivu zililala korosho mbovu zote, yaani mashamba yetu, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyeuliza punje zile zitafikaje kwenye majivu.

Kosa letu linaeleweka ukijua kwamba ng'ombe wengi ni jambo jipya kwetu. Kwa vizazi vingi mbung'o waliizuia mifugo mikubwa katika sehemu kubwa ya Lindi, hivyo wazee wetu walipanda mikorosho bila uzio na hawakuwa na sababu ya kujiwekea mila ya kugawana maji na mwenye kundi. Mambo yalibadilika hasa kuanzia mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya, ili kunusuru maji ya mto Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaelekezwa mikoa ya kusini, Lindi ikiwa mojawapo. Kwa hiyo walikuja kwetu kwa uamuzi wa serikali, baada ya kuondolewa kwingine kwa sababu ya maji, na tulipowapokea tukawapangia eneo lisilo na maji. Nikiwaza hilo huwa nashindwa kuwakasirikia kama baadhi ya ndugu zangu wanavyotaka niwakasirikie.

Isitoshe, kuhamishwa kwa ajili ya mistari ya ramani si jambo geni kwa watu wa huku wenyewe. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wengi magharibi ya Liwale kwa sababu ya malale na tembo, na sehemu hizo zikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bibi mzaa mama alikuwa akisimulia habari hizo kana kwamba ziliwapata jana.

Turudi kwenye ng'ombe. Tatizo letu lina kalenda yake. Masika yakimalizika, malisho ya mashariki huwa na nyasi na vidimbwi, na hadi mwezi Juni au Julai huwasikii wafugaji. Ufuta unavunwa miezi hiyo, mashamba yanakuwa wazi, na hata ng'ombe akipita anakula mabua tu. Ifikapo Agosti vidimbwi vimekauka, na mbaazi bado ziko shambani. Kuanzia Septemba mikorosho inaanza kudondosha, na kadiri jua linavyozidi ndivyo mabibo yanavyozidi chini ya miti, matamu, yenye maji, yakinukia kutoka mbali. Ng'ombe mwenye kiu anayepitishwa hapo kwenda mtoni hahitaji kuchungwa vibaya ili alete hasara. Wiki zile zile ambazo mkulima anategemea kupata fedha ya mwaka mzima ndizo ambazo mfugaji hana pa kunyweshea isipokuwa mtoni. Yeyote aliyekaa huku mwaka mmoja analijua hilo, lakini ramani haina miezi, na kwenye ramani malisho yetu ni ya kahawia mwaka mzima.

Jawabu la kijiji lilikuwa sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji iliandaa rasimu, mkutano mkuu ukaipitisha, ikapelekwa wilayani kuidhinishwa na baraza la madiwani kama sheria inavyotaka, na ikarudi na faini kwa kila ng'ombe atakayekamatwa shambani. Sina ugomvi na faini kwa mtu anayelisha makusudi katika shamba la mwenzake, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini faini yetu imegeuka ushuru wa kwenda kunywa maji. Mfugaji anapiga hesabu ya faini na thamani ya ng'ombe atakayekufa kwa kiu, anaona faini ni nafuu, anapitisha usiku, na usiku ng'ombe huharibu zaidi kwa kuwa mchungaji haoni. Fedha yenyewe huingia katika mfuko wa kijiji, na mwenye mikorosho hupewa sehemu ndogo baada ya safari tatu nne za ofisini. Mjomba wangu, ambaye ni mjumbe wa halmashauri na kwa desturi yetu ya ujombani ndiye mwenye sauti ya mwisho katika mashamba ya ukoo, aliitetea sheria hiyo kwa muda mrefu. Nilimheshimu nikanyamaza, kwa kuwa si adabu kubishana na mjomba mbele za watu, ingawa barazani kwake tulibishana hadi kahawa ikapoa.

Hoja yake kubwa ilikuwa fedha. Lambo la kunyweshea ng'ombe huko malishoni ni gharama, alisema, na kisima kirefu chenye mashine ya kuvuta maji ni gharama zaidi. Ni kweli. Hata hivyo wilaya inakusanya ushuru wa asilimia 3 wa mazao ya biashara, na ufuta na korosho zinazotoka katika bonde hili si haba. Tena kuna vijiji jirani vilivyoonyesha kuwa ramani ikitengenezwa vizuri inaweza kuleta fedha. Huko Kilwa misitu ya baadhi ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, vijiji vikauza mpingo na mbao nyingine kwa utaratibu na mapato yakabaki kijijini, kwa kuwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka juu ya msitu wake kilioutenga. Sisi tuna msitu uliotengwa ambao hatujauza gogo hata moja kihalali.

Kuna mwanakijiji aliyependekeza tukate pembe ya msitu huo iliyo karibu na mto, tuwape wafugaji, mambo yaishe. Nilipinga, na ningepinga tena. Pembe hiyo ndiyo inayoshika ukingo wa mto, na ndimo tembo wanamopita wakati wa kiangazi wakifuata maji hayohayo. Tukiwasogeza ng'ombe pale, tembo watahamia kwenye mbaazi, na hasara ya tembo tunaijua: unaita afisa wanyamapori, unajaza fomu, unasubiri kifuta jasho, ambacho serikali yenyewe inatamka wazi kuwa si fidia. Ng'ombe angalau ana mwenyewe unayeweza kumsalimia na kumdai.

Mkutano mkuu ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi, chini ya uongozi uliochaguliwa Novemba 27, 2024, ambao kwa bahati haukuichora ramani ile na hivyo haukuwa na haja ya kuitetea. Wafugaji safari hii walikuwa wengi, na wawili wao walikaa mbele. Wazungumzaji wa mwanzo walisema yale yale: wafukuzwe, faini ipandishwe, mgambo waongezwe. Kisha mama akanyanyua mkono, akaruhusiwa, akasimama na kukaza kanga yake, akamgeukia kijana mmoja wa kifugaji.

"Mwanangu, ng'ombe wako wanakunywa wapi?"

Kijana alisimama na kuamkia kwanza. "Shikamoo, mama. Wanakunywa mtoni. Na njia ya mtoni ni shambani kwako. Nyingine sijaonyeshwa."

Pakawa kimya kidogo. Mwenyekiti akamtuma mtu ndani kuleta ramani, ikabanduliwa ukutani, ikatandazwa mezani, na kwa mara ya kwanza watu wakaitazama wakitafuta njia badala ya mipaka. Ilipatikana moja. Ni barabara ya zamani ya magari ya magogo, iliyoota vichaka, inayoshuka kutoka barabara kuu hadi mtoni kando ya mashamba manne, la mama likiwa la pili. Ilijadiliwa kwa saa nzima upana wake uwe hatua ngapi, nani atafyeka, na ng'ombe wapite saa ngapi. Mjomba alisema kidogo siku hiyo, lakini alipoulizwa kama ukoo unaridhia kuachia ukingo wa shamba, alimtazama dada yake, kisha akasema mwenye shamba yupo, aulizwe yeye.

Mama aliridhia kwa masharti mawili. La kwanza, kuanzia Septemba hadi Desemba ng'ombe wapite mchana tu, wakiwa na wachungaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. La pili, njia iwe ya miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo ombi la lambo la malisho ya mashariki lifike katika bajeti ya halmashauri ya wilaya, wafugaji wakichangia ng'ombe na wakulima wakichangia nguvu kazi. Wafugaji walikubali masharti yote mawili na kuongeza la tatu wao wenyewe, kwamba atakayepitisha usiku watamtoza wao kabla kijiji hakijamtoza.

Nimeandika haya kwa kuwa mimi ndiye niliyeombwa kuunakili muhtasari kwa mwandiko unaosomeka, nao ukasainiwa na mwenyekiti na mtendaji na kupelekwa wilayani pamoja na ombi la kurekebisha mpango. Nakala iko kwangu. Njia imefyekwa, na mikorosho sita ya mama iliyo ukingoni imezungushiwa matawi ya miiba. Jibu la wilaya kuhusu lambo bado halijafika, na hadi leo kwenye ramani ya ofisini njia hiyo haimo, isipokuwa mstari wa kalamu ya risasi ambao mwenyekiti aliuchora siku ile kwa kutumia ukingo wa daftari.