Barolo: rangi isikudanganye

Leo glasini ni Barolo, mvinyo mwekundu wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Wengi wakiuona hudhani umechanganywa na maji, maana zabibu za Nebbiolo hutoa rangi iliyopauka, na ukizeeka ukingo wake hugeuka kuwa kama tofali. Onja kwanza ndipo ulalamike.

Sheria inataka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Riserva, yaani Barolo uliozeeshwa zaidi, ni miezi 62. Hata hivyo chupa changa hukausha ulimi na ufizi kama umetafuna ndizi mbichi. Ukakasi huo ni tanini, dutu itokayo kwenye maganda na mbegu za zabibu, wala mvinyo haujaharibika. Umimine kwenye jagi pana saa mbili kabla ya kunywa, utalainika. Wa miaka 20 usiufanyie hivyo, harufu itakimbia: simamisha chupa tangu jana yake mashapo yatulie, mimina polepole, na kiasi cha kidole kimoja kilichobaki chini ukiache.

Joto liwe nyuzi 16 hadi 18. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, friji kama saa nzima, la sivyo utanusa spiriti tupu.

Jaza theluthi ya glasi, zungusha, nusa: waridi lililokauka, cheri, na lami (ndiyo, lami, na ni nzuri). Ukinusa kadibodi iliyolowa, kizibo kimeuharibu; hata ukiupa hewa hauponi, rudisha dukani. Chakula ni nyama yenye mafuta au jibini gumu. Samaki hapana, utaonja chuma.